Tabibu wa jicho moja na ramani ya saratani

Kisumu na kandokando yote ya Ziwa Victoria kuna uvimbe unaowashika watoto wa miaka mitano, sita hivi. Meno hulegea, taya ikafura, jicho likasukumwa nje, na asipotibiwa, mtoto hufariki baada ya miezi michache. Ni saratani, nayo imepewa jina la tabibu aliyeifuatia, marehemu Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya, na katika saa zake za mapumziko akichora ramani kuonyesha kila ndege wa bustanini anamiliki sehemu gani. Bila shaka mwana alirithi kitu hapo. Alipokuwa na miaka 11 alipigwa jiwe, jicho moja likapotea, na kwa ajili hiyo baadaye alinyimwa kazi ya udaktari Afrika ya Magharibi. Vita vilimleta Kenya na Somalia akiwa mwanajeshi. Mwaka 1946 akaajiriwa Uganda. Alikuwa Mkristo mshika dini, mwepesi wa kucheka.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyefura taya zote mbili, pande zote. Baada ya wiki chache, huko Jinja, alitupa jicho dirishani akamwona mtoto mwingine wa namna ile ile. Hapo akaanza kuuliza. Alipeleka barua zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, na Oktoba 1961 akatoka na madaktari wenzake wawili katika gari kuukuu. Walikwenda maili 10,000 kwa wiki kumi, wakazuru hospitali 57.

Ramani ilipokamilika ilionyesha jambo la ajabu. Uvimbe ulikuwa mwingi mahali pa joto na mvua, kama Nyanza na Pwani, bali katika nyanda za juu zenye baridi haukuonekana. Mwaka 1964, Epstein na wenzake wa London walikuta kirusi ndani ya uvimbe uliotoka Uganda. Lakini kirusi hicho kimeenea dunia nzima. Mbona basi kiwadhuru watoto wa ziwani? Jawabu lilisaidiwa na Unguja na Pemba. Huko joto lipo na mvua ipo, lakini uvimbe ulikuwa adimu, kwa kuwa malaria ilikuwa imepigwa vita vikali. Malaria isiyokatika humdhoofisha mtoto kinga, kirusi kikapata nafasi.

Je, tiba? Kisu hakikufaa, taya ikikatwa, uvimbe hurudi. Mashine za mionzi Uganda haikuwa nazo. Burkitt akajaribu dawa zilizokuwa changa, methotreksati kutoka kwa madaktari wa New York, kisha siklofosfamidi. Alitoa kiasi kidogo, maana hakuwa na maabara ya kumlinda mgonjwa na sumu ya dawa. Nyuso zilirudi katika sura zake kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona moja kwa moja. Wakati huo wataalamu wengi hawakusadiki kwamba saratani yaweza kuondoshwa kwa dawa peke yake. Dawa ya madini ya platini, iliyotokana na uchunguzi wa Rosenberg wa Marekani uliotangazwa mwaka 1965, ilikuwa bado. Hiyo iliruhusiwa huko mwaka 1978.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Uzeeni alipata umaarufu wa pili kwa kuwahimiza Wazungu wale nafaka zisizokobolewa, na alifariki mwaka 1993.

Siklofosfamidi ingali nguzo ya tiba. Taabu kubwa ya wazazi wa ziwani ni safari na nauli: wengine hudhani ni maradhi ya meno, mtoto akang'olewa jino hili na lile, na anapofikishwa hospitali kubwa uvimbe umekwisha kushuka tumboni.