SVANTE ARRHENIUS: MTU ALIYEPIGA HESABU YA JOTO LA DUNIA

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii inamfaa sana bwana mmoja wa Uswidi aliyedharauliwa mara mbili: kwanza na walimu wake, kisha na wanasayansi wenzake. Jina lake ni Svante Arrhenius.

Alizaliwa tarehe 19 Februari 1859 mahali paitwapo Vik, karibu na mji wa Uppsala. Baba yake alikuwa mpima ardhi. Inasemekana mtoto huyu alijifundisha kusoma akiwa na miaka mitatu tu, na hesabu alizipenda tangu utotoni.

Mwaka 1884 aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Uppsala. Ilihusu jinsi maji yenye chumvi yanavyopitisha umeme. Maprofesa wake hawakupendezwa nayo hata kidogo, wakampa alama za chini sana. Hebu fikiria, wewe uliyeshika tama juzi matokeo yalipobandikwa ubaoni! Lakini Arrhenius hakufa moyo. Alituma nakala kwa wanakemia wa nchi nyingine, nao wakaona kuwa kijana ana jambo. Aliiendeleza kazi hiyo, na mwaka 1903 ikamletea Tuzo ya Nobel ya Kemia. Alikuwa Mswidi wa kwanza kutuzwa Nobel. Leo kila mwanafunzi wa kemia anasoma habari za ayoni majini.

Basi tuje kwenye habari ya joto. Siku zile wanasayansi walijiuliza kwa nini zamani sehemu kubwa ya Ulaya ilifunikwa na barafu. Mwaka 1859, mwaka ule ule aliozaliwa Arrhenius, John Tyndall alikuwa amepima mjini London na kuona kuwa baadhi ya gesi, ikiwemo kaboni dayoksaidi, hunasa joto. Gesi hii ni kidogo mno hewani, lakini hufanya kazi kama blanketi: mwanga wa jua huipita, ila joto linalopanda kutoka ardhini hulizuia lisitoroke lote.

Arrhenius akajifunga kibwebwe. Alitumia vipimo vya joto la mwezi vilivyochukuliwa na Mmarekani Samuel Langley, akakaa karibu mwaka mzima akipiga hesabu kwa kalamu na karatasi. Kikokotoo hakikuwapo, enyi mnaolalamika kuhusu hisabati! Mwaka 1896 akatoa jibu: gesi hiyo ikiongezeka maradufu, dunia itapata joto zaidi kwa digrii 5 hadi 6 hivi. Tena akasema makaa ya mawe yanayochomwa viwandani yanaiongeza gesi hiyo.

Hapo ubishi ukaanza. Mwaka 1900, Knut Ångström, Mswidi mwenzake, alijaza gesi hiyo katika mrija, akapitisha joto ndani yake. Alipoipunguza, joto lililonaswa halikubadilika sana. Akaamua kuwa gesi iliyopo hewani imeshanasa yote inayoweza kunasa, na kuongeza nyingine ni kazi bure. Wengi wakamwamini. Kumbe mrija si anga! Huko juu hewa ni nyepesi na baridi, na ndiko joto linakopitia kwenda zake. Gesi ikizidi huko, joto hutoka kwa shida zaidi. Jambo hili lilikuja kuthibitishwa vizuri katika miaka ya 1950.

Arrhenius naye hakuwa malaika asiyekosea. Alidhani ongezeko hilo lingechukua karne nyingi, na kwa kuwa kwao ni baridi kali, aliona joto kidogo lingekuwa neema. Hakufikiria sana mkulima wa nchi kavu anayengoja mvua. Alifariki Stockholm tarehe 2 Oktoba 1927, na hesabu yake ya joto ilikuwa karibu kusahauliwa.

Ilifufuliwa na vipimo. Mwaka 1938 mhandisi Mwingereza Guy Stewart Callendar alionyesha kuwa dunia imekwisha kupata joto. Mabingwa wakamsikiliza kwa shaka. Kuanzia 1958 Charles David Keeling akaipima gesi hiyo katika mlima Mauna Loa, Hawaii. Ilikuwa sehemu 315 hivi katika kila milioni moja ya hewa. Sasa imepita 420, na joto la dunia limepanda kwa zaidi ya digrii 1 tangu enzi za kabla ya viwanda.

Mwaka 1988 mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, moja likiwa na makao yake hapa kwetu Nairobi, yaliunda jopo la kuchunguza jambo hili. Mwaka 2021 jopo hilo lilikadiria kuwa gesi ikiongezeka maradufu, joto litapanda kwa digrii 2.5 hadi 4. Yaani Arrhenius alizidisha kidogo, lakini njia aliyoshika ilikuwa sawa.

Hadi leo wapo wanaobisha. Kubisha si dhambi. Ångström alibisha kwa kupima, na kosa lake likawasukuma wengine wapime vizuri zaidi. Ubaya ni kubisha kwa mdomo mtupu. Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukikuta ubishi huu bwenini au kwenye matatu, usiulize nani ana sauti kubwa. Uliza nani amepima.