Daktari Langdon Down na Waliofichwa Vyumba vya Nyuma

Mji wa Torpoint uko kusini-magharibi mwa Uingereza, ukingoni mwa mto Tamar, na watu wake huvuka kwa feri kwenda ng'ambo ya pili kama wavukavyo wenzetu wa Likoni. Huko ndiko alikozaliwa John Langdon Down, tarehe 18 Novemba, 1828. Baba yake alikuwa mwenye duka, na kijana alitolewa shuleni angali mdogo ili amsaidie kupima na kuuza.

Alipopata umri wa miaka 18 hivi, alikuwa matembezini na jamaa zake mvua ikawakamata, wakakimbilia katika kijumba cha shamba. Humo walihudumiwa na msichana mpungufu wa akili. Down alimtazama, akajiuliza kama kweli hapana lolote ambalo mtu angeweza kumfanyia kiumbe yule. Mvua ilianuka, lakini swali halikumtoka.

Yapasa tukumbuke hali ya zama zile. Mpungufu wa akili, akiwa mtoto au mtu mzima, alifichwa chumba cha nyuma, au alitupwa katika nyumba za mafukara pamoja na wenye wazimu. Aghalabu alihesabiwa kuwa mzigo, wala hakuna aliyetaraji ajifunze jambo.

Down aliingia chuo cha udaktari cha London Hospital mwaka 1853, akafuzu kwa sifa kubwa. Wenzake walidhani atatafuta cheo mjini. Badala yake, mwaka 1858 alikubali kuwa daktari mkuu wa Earlswood, nyumba kubwa ya wapungufu wa akili huko Surrey. Aliikuta katika hali mbaya, akaitengeneza. Alipiga marufuku viboko, akasisitiza usafi, na akataka wale watu wakae mezani wale kwa kisu na uma kama watu wengine. Aliwapiga picha wakiwa wamevaa nguo nzuri, ilhali wengine waliwaona kuwa hawafai hata kutazamwa.

Mafunzo yake yalianza na mwili: kutembea, kushika kitu, kuuzoeza ulimi kutamka. Kisha ikafuata kazi ya mikono. Ili wajue thamani ya fedha, aliwapangia mchezo wa duka wenye mizani na bidhaa, mmoja akiuza na wengine wakinunua. Bila shaka hapo mtoto wa mwenye duka alikuwa akitumia elimu ya nyumbani kwao.

Miongoni mwa watu wa Earlswood alikuwapo James Henry Pullen, aliyekuwa karibu kiziwi na maneno yake machache. Mkono wake, hata hivyo, ulijua mbao. Alikuwa seremala wa nyumba ile hadi alipofariki mwaka 1916, na mfano alioutengeneza wa meli Great Eastern, wenye urefu wa futi 10 hivi, ulionyeshwa London mwaka 1883. Mafundi wetu wa majahazi wangemtambua mara moja kuwa ni mwenzao.

Mwaka 1866 Down aliandika makala iliyompa umaarufu. Aliwaeleza watu wa aina moja ya upungufu, wenye nyuso za kufanana, lakini akawaita kwa jina la Wamongolia, akidhani wamerudi katika sura ya kabila jingine. Hilo lilikuwa kosa, na tusilifunike. Mwaka 1959 wataalamu wa Paris walionyesha kwamba chembe za watu hao zina kromosomu 47 badala ya 46, jambo lisilohusiana na kabila. Mwaka 1965 Shirika la Afya Duniani liliacha jina lile baada ya Mongolia kulalamika. Hali yenyewe sasa yajulikana kwa jina la Down.

Mwaka 1868, baada ya kutofautiana na wakuu wa Earlswood, yeye na mkewe Mary walifungua nyumba yao wenyewe, Normansfield, karibu na London. Ilikuwa ya kulipia, na waliofaidi zaidi walikuwa watoto wa wenye nacho. Bibi Mary ndiye aliyeiendesha siku hata siku. Palikuwa na bustani, karakana, na tangu mwaka 1879 jumba la michezo ya kuigiza. Walioingia wadogo walikulia humo, na wengine wakazeekea humo.

Down alifariki tarehe 7 Oktoba, 1896. Wanawe wawili, nao madaktari, wakaishika kazi. Mwaka 1905 mmoja wao alipata mtoto wa kiume mwenye hali ile ile aliyoieleza babu yake. Naam, hujafa hujaumbika. Normansfield ilifungwa mwaka 1997, lakini jumba la michezo lingali limesimama.

Nasi wa Pwani tuna vyumba vyetu vya nyuma. Wageni wanapobisha hodi, yuko kijana anayeambiwa aingie ndani, na yuko mtu mzima ambaye jina lake limesahauliwa, akabaki kuitwa zuzu. Sheria yetu imemwondolea dhima asiyekuwa na akili timamu, bali sisi haikutuondolea dhima yake. Yeye ni amana, na amana huulizwa. Down alianza kwa kuwakalisha watu mezani. Sisi tuna sinia, na nafasi ya mtu mmoja zaidi haikosekani.