Daktari Aliyewatoa Wagonjwa Kitandani



Huenda baadhi yetu wamepata kusikia habari za tenisi ya viti vya magurudumu, ambamo mpira huruhusiwa kudunda mara mbili kabla ya kurudishwa. Mchezo huo ulianza Marekani mwaka 1976, lakini njia yake ilitengenezwa zamani na daktari mmoja, Ludwig Guttmann. Maisha yake yafaa tuyajue.

Alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 huko Tost, Ujerumani, katika jamaa ya Kiyahudi. Mwaka 1917, akiwa kijana msaidizi hospitalini, alimwona mchimba makaa ya mawe aliyevunjika uti wa mgongo. Madaktari walikuwa wamekwisha kumkatia tamaa, naye akafa baada ya wiki chache. Jambo hilo halikumtoka moyoni.

Baadaye akawa bingwa wa upasuaji wa mishipa ya fahamu mjini Breslau. Serikali ya Hitler ilipowafukuza madaktari wa Kiyahudi mwaka 1933, alihamia hospitali ya Wayahudi wenzake. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, Wayahudi waliposhambuliwa nchi nzima, aliagiza kila aliyekimbilia hospitalini apokewe. Asubuhi aliwatetea mmoja mmoja mbele ya polisi, na watu 60 kati ya 64 wakaokoka. Mwaka 1939 alikimbilia Uingereza pamoja na mkewe na watoto wao wawili.

Tarehe 1 Februari 1944 alikabidhiwa kituo kipya cha wagonjwa wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville. Siku zile wengi wao walikufa kwa vidonda vya kulala na maradhi ya njia ya mkojo. Dawa yake ya kwanza ilikuwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Ya pili ilikuwa kazi, na ya tatu michezo. Tarehe 29 Julai 1948 walemavu 16 walishindana hapo kulenga shabaha kwa upinde. Mwaka 1960, huko Roma, walifika 400 hivi kutoka nchi 23. Guttmann alifariki tarehe 18 Machi 1980. Tanzania ilipeleka mchezaji wake wa kwanza mwaka 1992 huko Barcelona.

Basi ndugu, sisi wa Kizota tujiulize. Mtu akianguka mtini au kwenye pikipiki, asiweze kusimama tena, twamwombea, twampelekea unga, kisha twarudi nyumbani. Hayo ni mema, lakini hayatoshi. Nani kati yetu atakwenda usiku kumsaidia mkewe kumgeuza? Akipata kiti, ataingiaje kanisani penye ngazi? Na tukigawa kazi za parishi, yaani kwaya, hesabu za sadaka na mafundisho ya watoto, je, jina lake limo? Halmashauri ya kanisa itakapokutana, na tuliseme jambo hili.