Jacques Cousteau: Mzamiaji aliyenusurika hewa mbaya ya mtungi

Hadithi za fedha za Wajerumani zinazosemekana kutupwa Ziwa Masoko, hapa hapa Rungwe, haziishi. Kila zikisimuliwa, iwe Nkunga au Tukuyu mjini, hakosekani mtu wa kusema kwamba kinachotakiwa ni mtungi wa kuzamia tu, hata wa mtumba. Leo tunamzungumzia mtu aliyeufanya mtungi huo ujulikane duniani, Mfaransa Jacques-Yves Cousteau, maana yaliyompata yanamhusu yeyote anayefikiria kuununua.

Alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, karibu na Bordeaux. Aliingia jeshi la majini akitaka kuwa rubani, lakini mwaka 1936 ajali ya gari ikamvunja mikono na urubani ukaishia hapo. Akawa anaogelea baharini huko Toulon ili mikono irudishe nguvu. Rafiki yake Philippe Tailliez akampa miwani ya kuogelea. Alipotazama chini ya maji, akawa amepata kazi ya maisha yake.

Tatizo likawa pumzi. Mwaka 1939 alijaribu kifaa cha oksijeni tupu, akashikwa na degedege chini ya maji. Hapa tusimame kidogo. Wengi tunadhani oksijeni tupu ndiyo bora kwa kuwa hospitali huwapa wagonjwa, lakini kwa mzamiaji hugeuka sumu katika kina cha mita chache tu. Kwa hiyo mtungi wa oksijeni wa fundi wa kuchomelea, hata ukipakwa rangi mpya ukang'aa, si wa kuzamia.

Desemba 1942, wakati wa vita, Cousteau alikutana Paris na mhandisi Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide. Petroli ilikuwa haba, na Gagnan alikuwa ametengeneza valvu ya magari yanayotumia gesi. Wawili hao wakaigeuza impe mzamiaji hewa pale tu anapovuta pumzi, kwa presha inayolingana na ya maji yanayomzunguka. Jaribio la kwanza, katika mto Marne, halikwenda vizuri: Cousteau akiinamisha kichwa chini, hewa ilikuwa shida. Wakarekebisha, na kiangazi cha 1943 akawa anashuka bahari ya Mediterania akiwa na mitungi mgongoni. Wazamiaji tuliowaona Ukara Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka, walishuka kwa vifaa vya ukoo huo huo.

Kisha ukaja mwezi Agosti 1946. Cousteau na mwenzake Frédéric Dumas waliingia kwenye chemchemi yenye pango refu la maji, Fontaine de Vaucluse. Huko chini akili zikawavuruga kama walevi. Dumas alikaribia kuzama, na Cousteau alipata taabu kubwa kumrudisha. Mwenzao aliyekuwa juu, Maurice Fargues, ndiye aliyewavuta kwa kamba. Mitungi ilikuwa mizima. Hewa iliyobaki ndani ilipopimwa, ikakutwa na kaboni monoksaidi: kompresa iliyojaza mitungi ilikuwa ikivuta moshi wa injini yake yenyewe. Sisi wa Rungwe gesi hiyo tunaijua. Ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani, wamefunga madirisha kwa sababu ya baridi. Haina rangi wala harufu.

Ndiyo maana tunasema alama za mtungi zisomwe, lakini zisiaminiwe kupita kiasi. Ziko begani mwa mtungi, chini ya valvu, zimegongwa kwenye chuma chenyewe. Karatasi ya kubandika si alama. Utaona namba ya mtungi, ujazo kwa lita, presha ya kazi, presha ya kupimia ambayo ni kubwa zaidi, halafu mwezi na mwaka wa kupimwa kwa maji. Nchi nyingi hutaka kipimo hicho kila miaka 5. Mtungi wenye tarehe ya mwisho ya 2009 basi una deni kubwa, hata muuzaji aapeje. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 umebeba hewa lita 2,400, na presha yake ni kama mara mia ya tairi la gari dogo. Ukipasuka, ni bomu. Mitungi ya alumini ya zamani, hasa ya Marekani iliyotengenezwa kabla ya 1988, mingine ilitumia mchanganyiko wa madini uitwao 6351, ambao huweza kupata nyufa shingoni. Hiyo tungekushauri uiache.

Alama zote hizo zinaeleza chuma. Hakuna hata moja inayokuambia ni hewa gani iliyomo au aliyeijaza ni nani, na kule Vaucluse chuma hakikuwa na kosa. Mtungi wa mtumba ufike ukiwa mtupu, ufunguliwe valvu na mtaalamu amulike ndani kuona kutu, kisha ujazwe na watu wenye kompresa ya kazi hiyo. Wengi wao hapa nchini wako Zanzibar na pwani.

Fargues, aliyewaokoa wenzake, alikufa mwaka 1947 akijaribu kina. Kwenye kamba ilikutwa alama aliyoiandika mita 120. Kina kama hicho hulevya hata hewa ikiwa safi.

Cousteau aliendelea. Kuanzia 1950 meli yake ilikuwa Calypso, na mwaka 1954 ilipima sakafu ya bahari mbele ya Abu Dhabi kwa ajili ya watafutaji wa mafuta. Filamu yake ya 1956 ilishinda Cannes na Oscar, ingawa ndani yake watu wake waliua samaki kwa baruti, jambo ambalo leo ukilifanya Nyasa utakamatwa. Baadaye akawa mtetezi mkubwa wa bahari. Mwaka 1979 alimpoteza mwanawe Philippe katika ajali ya ndege Ureno. Calypso iligongwa na tishari ikazama Singapore Januari 1996. Yeye alifariki Paris tarehe 25 Juni 1997, akiwa na miaka 87, akazikwa mjini alikozaliwa.