Kabla hujafuta ile kaunta, mjue Bi Grace

Wewe uliyeketi Ukunda na laptopu yako, unatengeneza apu ya kuagiza samaki kutoka Msambweni au ya kuita tuktuk pale Diani, hebu fungua folda ya mradi wako. Uliandika flutter create, ukaletewa chakula kishapikwa: skrini, kitufe cha kujumlisha, na namba inayopanda moja, mbili, tatu kila ukibonyeza. Samaki wako hawahitaji kaunta. Lakini wiki ya tatu hii bado imo, na jina la apu bado ni Flutter Demo.

Kuna mtu aliyesumbuliwa na msimbo wa kuazima kabla hata wazazi wetu hawajazaliwa. Anaitwa Grace Hopper. Mimi namwita Bi Grace, maana kwetu pwani mama wa umri ule humwiti jina tupu.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na miaka saba alifungua saa ya kengele aone inafanyaje kazi. Ikamshinda kuirudisha, akafungua ya pili atazame ilivyopangwa, halafu ya tatu, mpaka saa saba za nyumba ile zikawa vipande. Mamake akamwekea sheria: ya kuchezea ni moja, nyingine zisiguswe.

Chuo cha Vassar kilimkataa mara ya kwanza kwa sababu ya alama za Kilatini. (Sisi tulioacha chuo njiani tunaipenda sana sehemu hii. Usifurahi mapema lakini.) Mwaka uliofuata akaingia, 1928 akamaliza hisabati na fizikia, na kufikia 1934 alikuwa na udaktari wa hisabati kutoka Yale.

Vita vikaja. Mwaka 1943 akajiunga na akiba ya jeshi la wanamaji la Marekani, ingawa umri ulikuwa umezidi na uzani haukufika. Mwaka 1944 wakampeleka Harvard kwenye mashine ya Mark I. Usifikirie laptopu. Ilikuwa na urefu wa mita 15 hivi na uzito wa karibu tani 5; ungeipandisha feri ya Likoni ungeihesabu kama lori. Msimbo wake ulikuwa mashimo yaliyotobolewa kwenye utepe wa karatasi.

Na hapa ndo penyewe. Bi Grace na wenzake walikuwa na madaftari. Ukipata mistari inayokokotoa kitu fulani sawasawa, unaiandika kwenye daftari lako, na mwenzako akiihitaji anakuja anainakili kwa mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa GitHub yao. Shida ni kwamba binadamu hunakili vibaya. Tarakimu moja ikisomwa ndivyo sivyo, mashine inatema jibu la uongo bila aibu, na wewe unakesha ukitafuta kosa kwenye msimbo ambao hata si wako. Kisha kulikuwa na hesabu ya anwani: kipande kiliandikwa kana kwamba kinaanzia mstari wa sifuri, kwa hiyo ukikiingiza katikati ya programu yako lazima ujumlishe upya anwani zake zote. Watu wenye digrii kubwa za hisabati walikuwa wakikosea kujumlisha!

Mwaka 1949 akahamia Philadelphia, kampuni ya Eckert na Mauchly, waliokuwa wakiunda kompyuta ya UNIVAC. Huko akachoka na kunakili. Akavipa vile vipande nambari za kuitia, akaviweka kwenye utepe wa sumaku, na kufikia 1952 alikuwa na programu iitwayo A-0. Wewe unaandika tu orodha ya unachotaka, mashine yenyewe inakwenda kukichukua na kujumlisha anwani. Wengi hawakuamini. Kwao kompyuta ilikuwa ya kupiga hesabu, basi.

Angalia jambo hili: A-0 ilichukua kile ulichokiita. Hata leo Flutter ikijenga apu ya kutoa kwa watu, msimbo wa Dart usioitwa popote huachwa nje. Kwa hiyo ukiiacha ile kaunta kwenye faili bila kuitumia, simu ya mteja haitaibeba. Utakayembebesha mzigo ni mwenzako atakayeusoma mradi, asijue kipi chako na kipi cha kiolezo.

Ila kuna mabaki ambayo hakuna mashine ya kukutolea. Ukifuta MyApp, faili ya widget_test.dart inaanza kulia, kwa sababu bado inaiita MyApp hiyo na kutafuta sifuri igeuke moja. Ile jaribio ilikuwa ya kaunta. Andika yako ya kuagiza samaki. Na kubwa kuliko yote ni com.example. Play Store haipokei apu yenye kitambulisho hicho, na kitambulisho ukishachapisha nacho hubadilishi tena. Lichague jina hilo ukiwa umetulia, si usiku wa kupandisha apu.

Turudi kwa Bi Grace. Katikati ya miaka ya 1950 alitaka watu waandike programu kwa maneno ya kawaida badala ya alama. Akawaonyesha wakubwa wake programu yenye amri za Kiingereza, kisha ileile kwa Kifaransa na Kijerumani. Wakashtuka: kompyuta ya Marekani itajuaje Kifaransa? Hawakuelewa kwamba kwa mashine neno ni alama tu. Angewawekea Kidigo ingekubali vilevile. Kazi hiyo ikazaa FLOW-MATIC, na kutoka hapo kamati ikaunda COBOL, iliyoanza 1959 na ambayo mpaka leo inaendesha mifumo ya mabenki.

Mwisho wa 1966 jeshi lilimstaafisha. Mwaka 1967 wakamwita arudi kwa miezi sita. Miezi hiyo ikageuka miaka, na mwaka 1986 akatoka na cheo cha rear admiral akiwa na miaka 79. Ofisini alikuwa na saa ya ukutani inayozunguka kinyumenyume, na bado ilisema wakati sahihi.

Alifariki tarehe 1 Januari 1992. Mwaka 2016 Obama, huyu wetu wa Kogelo, alimtunukia nishani ya juu kabisa ya raia.

Utasikia pia kwamba yeye ndiye aliyegundua mdudu wa kwanza wa kompyuta. Si kweli. Tarehe 9 Septemba 1947 wenzake walimkuta nondo, yule mdudu anayefuata taa, amekwama ndani ya mashine ya Mark II, na mafundi walikuwa wakiita hitilafu mdudu tangu zamani. Bi Grace aliipenda tu hadithi yenyewe na kuisimulia kila alikokwenda. Nondo walimbandika kwa gundi-tepu kwenye daftari la kazi, na yuko Marekani kwenye jumba la makumbusho hadi leo.