Muhammed Said Abdulla: Mzimu na Msikiti katika Riwaya ya Upelelezi

Jina la Muhammed Said Abdulla halikosekani panapozungumziwa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Hata hivyo, aghalabu hutajwa kama mfuasi tu wa Arthur Conan Doyle, kwa kuwa Bwana Msa, mpelelezi wake mvuta kiko, pamoja na Najum, msaidizi wake, wanamkumbusha msomaji Sherlock Holmes na Daktari Watson. Ulinganisho huo una mashiko, ila haujitoshelezi. Makala haya yanapitia maisha ya mwandishi huyu kwa nia ya kuonyesha kwamba kiini cha kazi yake kimo Unguja kwenyewe, ambako Uislamu na imani za jadi vimekaa pamoja kwa karne nyingi.

Abdulla alizaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Makunduchi ndiko nyumbani kwa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka wa jua yenye asili ya Uajemi na isiyofuata kalenda ya Kiislamu. Siku hiyo wanaume hupigana kwa magome ya migomba ili kumaliza chuki za mwaka uliopita, na kibanda cha makuti huchomwa moto. Wanaoshiriki ni Waislamu. Mizimu ya pande hizo nayo ina wavyale, yaani walinzi wa kijadi, na mtu aweza kutoka msikitini kisha akapeleka ubani mzimuni bila kujiona amepotoka. Mtoto wa Makunduchi hakuhitaji kufundishwa kwamba imani mbili zaweza kukutana katika moyo mmoja.

Baada ya kuhitimu masomo ya sekondari mwaka 1938, Abdulla alikuwa mkaguzi katika idara ya afya. Miaka kumi baadaye aliingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, kisha akahudumu kama mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Kuanzia mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alihariri Mkulima, jarida la kilimo. Tukizitazama kazi hizi kwa pamoja, tunamwona mtu aliyezoea kutafuta chanzo cha jambo kabla ya kulitolea hukumu. Tabia hiyo ndiyo aliyomrithisha Bwana Msa, ambaye hata jina lake linabeba herufi tatu za mwanzo za majina ya mwandishi.

Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957-1958 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Humo, Bwana Ali, mtu mwenye mali, anakutwa amekufa mzimuni. Jamii inayomzunguka ni ya Waislamu kwa majina, kwa salamu na kwa taratibu za ndoa na maziko, lakini hofu ya mzimu imeienea. Bwana Msa haanzi kwa kuikejeli hofu hiyo. Anauliza nani anafaidika nayo, na hatimaye anabainisha kuwa aliyeua ni binadamu. Katika Kisima cha Giningi, riwaya iliyotoka mwaka 1968, mwandishi anarudi palepale: jina la Giningi linabeba masimulizi ya Kizanzibari kuhusu wachawi, nao uhalifu unapata pa kujificha.

Hapa ndipo penye suala zito. Mwandishi angeweza kumtumia shehe kuulaani mzimu kwa jina la dini. Badala yake alimtumia mtu wa hoja na ushahidi. Kwa hivyo mzimu hauangushwi na msikiti. Unaondolewa mzigo wa mauaji ambayo haukuyatenda, na mwenye hatia anabaki bila kisingizio. Lakini palipo na nguvu ya riwaya hizi ndipo palipo pia na upungufu wake. Bwana Msa anaeleza nani ameua, ila haelezi kwa nini mtu aliyekwisha kuswali bado anahisi haja ya kwenda mzimuni. Fumbo la mauaji linafumbuliwa, fumbo la imani linaachwa.

Abdulla aliendelea kuandika: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Alifariki dunia mwaka 1991. Wanaoziweka kazi zake katika kapu la fasihi pendwa na kuzipita hawana budi kuzirejea. Chini ya kisa cha upelelezi, mwana huyu wa Makunduchi aliwaonyesha wasomaji wake kwamba imani, iwe ya kitabu au ya wahenga, haina kosa mpaka mtu aitumie kufunika damu.