Mwana wa Butiama Akataa Kuwakabidhi

Soma Hesabu 35:9–12. Kati ya Bunda na Musoma kuna njia iingiayo Butiama, alikozaliwa Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Mwaka 1969, akiwa Rais, aliwakabidhi Kassim Hanga na Othman Shariff kwa serikali ya Zanzibar, nao wakauawa.

Aprili 7, 1972, Sheikh Abeid Karume, Makamu wake ambaye alitia naye sahihi Muungano, alipigwa risasi Kisiwandui, Unguja, akafa. Baadhi ya watuhumiwa, akiwamo aliyekuwa waziri, Abdulrahman Babu, walishikwa Bara. Zanzibar iliwataka. Angewakabidhi, ni mwombolezaji gani angemlaumu? Safari hii Nyerere alikataa. Hata Babu alipohukumiwa kifo huko Zanzibar bila yeye kuwapo, hakumtoa.

Haki haikutimia yote. Aliyekimbilia mji wa makimbilio alisimama mbele ya mkutano ahukumiwe. Hawa walikaa kizuizini Bara bila kesi hadi mwaka 1978. Lakini walitoka wakiwa hai. Babu alifariki London mwaka 1996.